Majitaka ya hospitali, mto, na dawa zinazogoma: tunajibu barua zenu

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari za antibayotiki kugoma kufanya kazi, basi barua zikamiminika, na nyingi zinazunguka pale pale: kile kinachotoka wodini kwa bomba kinaishia wapi, na kikifika mtoni kinafanya nini. Nimechagua hizi, zingine nimezipunguza maana jamani mnaandika kweli kweli. Haya, twende.

SWALI: Tunakaa chini ya mto na kule juu kuna hospitali kubwa, bomba lake linamwaga mtoni, tunaliona kabisa. Maji yana povu na yananuka dawa. Jirani anasema hayo maji ndo yanafanya UTI za siku hizi zisisikie dawa. Ni kweli au stori za mtaani? – Mama wa wawili

JIBU: Dada yangu, jirani kashika nusu ya ukweli, nusu nyingine kaichanganya. Kwanza hilo povu na hiyo harufu, mara nyingi ni sabuni na dawa za kupigia deki. Antibayotiki yenyewe huioni wala huinusi, inaweza kuwemo kwenye maji ambayo kwa macho ni masafi kabisa, kwa hiyo siku povu likiisha usidhani mambo yamekaa sawa.

Kinachotisha ni hiki. Mgonjwa akipewa dawa, mwili hauitumii yote. Amoksilini zaidi ya nusu inatoka na mkojo ndani ya masaa machache ikiwa bado nzima, sipro nayo karibu nusu inatoka kwenye mkojo vile vile ilivyoingia na nyingine inapitia choo kikubwa. Sasa piga picha wodi nzima, na ghorofa ya juu yake, na ICU (wodi ya mahututi), wote wanaelekea bomba moja. Afu kuna kitu cha pili ambacho mi naona ni kikubwa kuliko hata dawa, nacho ni kinyesi cha hao wagonjwa. Mtu aliyetumia antibayotiki kali wiki nzima, bakteria dhaifu tumboni mwake wengi wameshakufa, waliobaki ni wale ambao dawa haiwawezi, na hao ndo anaowatoa kila anapoenda chooni, kwa mabilioni.

Wakishafika kwenye bomba na baadaye mtoni wanakutana na bakteria wengine wa kila aina, wengi wala hawana ubaya, wanaishi zao kwenye tope na kwenye mawe. Hapa ndo penyewe. Bakteria hahitaji kuzaa ndo arithishe usugu, ana kipande kidogo cha DNA cha duara kinaitwa plasmidi, kinakaa pembeni ya ile DNA yake kuu, na anaweza kujishika na mwenzake, hata wa ukoo tofauti kabisa, akamgawia nakala huku yeye anabaki na yake. Plasmidi moja inaweza kubeba jeni, yani maelekezo ya urithi, za kushinda dawa nne tano kwa mpigo. Ndo maana unaweza kumkuta bakteria wa mtoni ambaye hajawahi kupita hospitali maishani mwake anajua kuvunja dawa ambayo kwa kawaida inatolewa ICU tu.

Na usiseme mto ni mkubwa, dawa itazimuliwa. Mwaka 2011 watafiti wa Uppsala kule Uswidi walionesha kwamba hata dawa ikiwa kidogo mara mamia kuliko kile kiwango cha kuzuia bakteria wasikue, bado wale sugu wanapata nafasi ya kuwazidi wenzao. Yani haiui bakteria, inapendelea tu wale sugu, na upendeleo mdogo wa kila siku ukikaa muda mrefu unabadilisha nani yuko wengi.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa New Delhi, India. Kuna jeni inaitwa NDM-1, inampa bakteria uwezo wa kuvunja karbapenemu, ambazo ni dawa daktari anazifikia zile za kawaida zikishindwa. Iligundulika kwa mgonjwa wa Uswidi aliyekuwa amelazwa India, watu wakafikiri ni tatizo la ndani ya hospitali. Watafiti wakaenda kuchota maji ya madimbwi na mifereji ya mitaani New Delhi, sampuli 171, na maji ya bomba sampuli 50. Matokeo yaliyotoka 2011: jeni ilikuwemo kwenye sampuli 51 za madimbwi na 2 za bomba. Na ilikuwa imeshahamia hadi kwa bakteria wa kipindupindu na wa kuhara damu. Halafu walipojaribu maabara, plasmidi zilihama vizuri zaidi kwenye nyuzijoto 30 kuliko kwenye 37 za mwili wa mtu, na 30 ni joto ambalo miji mingi ya tropiki inalo muda mwingi wa mwaka. Mi hicho kipengele ndo kilinikalisha chini.

Sasa turudi kwa jirani. UTI nyingi zinatokana na bakteria wa tumboni mwa mtu mwenyewe, wanasogea tu mahali pasipowahusu. Swali la maana ni hao wa tumboni waliupata wapi usugu, na mto ni njia mojawapo, zingine ni dawa ulizowahi kumeza, watu unaoishi nao, kulazwa, na vyakula. Kwa kuangalia mto huwezi kusema UTI ya fulani imetoka pale. Ila UTI ikirudi rudi omba mkojo uoteshwe maabara waone dawa gani inafanya kazi, usibadilishiwe vidonge kwa kubahatisha. Na kuhusu lile bomba, andikeni barua kwa mamlaka ya mazingira mkiwa kundi, muulize mambo mawili tu: hospitali ina kibali cha kumwaga mtoni? na maji yanatibiwa wapi kabla ya kufika pale? Ukiuliza hivyo wanalazimika kutafuta karatasi, ukisema maji yananuka watakuambia wamesikia.

SWALI: Mimi ni fundi bomba, nina kandarasi ya hospitali. Nikifungua lile bomba la kona chini ya sinki za wodini natoa ute mweusi mzito, unavutika kama kamasi, unanuka vibaya. Nasikia ndo humo wadudu sugu wanakaa. Najikingaje, na je naleta nyumbani? – Fundi

JIBU: Fundi, umesikia vizuri. Huo ute ni bakteria wenyewe pamoja na gundi wanayoitengeneza wajifunike. Ndani ya gundi wamebanana, kwa hiyo kugawiana plasmidi ni rahisi kuliko kwenye maji yanayotembea, na dawa ya kusafishia ukimwaga juu inaua wa pembeni tu, wa ndani wanabaki.

Wamarekani wa chuo kikuu cha Virginia walifanya kitu kizuri sana, walijenga sinki za majaribio kama za hospitali, wakaweka kwenye kona ya bomba bakteria wanaong'aa kijani ili wawaone. Bakteria wakilishwa walipanda ukuta wa bomba kama sentimita 2.5 kwa siku mpaka wakafika kwenye kichujio pale maji yanapoingilia. Wakiwa kwenye kona hawarushwi nje na maji, lakini wakishafika juu, bomba la maji likifunguliwa wanaruka na matone mpaka nje ya sinki, kwenye kaunta, karibu sentimita 75. Matokeo yalichapishwa 2017. Angalia hapo neno wakilishwa, maana chakula chao ni soda, chai, maziwa na dripu zilizobaki ambazo watu wanamwaga kwenye sinki ya kunawia. Sinki ya kunawa mikono ikinawia mikono tu, wanakua polepole mno.

Hili sio la maabara tu. 2011 hospitali ya utafiti ya serikali ya Marekani kule Bethesda ilipata mlipuko wa bakteria klebsiela sugu, wagonjwa 18 wakaambukizwa, 11 wakafariki, sita kati yao ikaonekana ni huyo bakteria ndo aliyewaua. Walipochunguza mazingira wakamkuta mpaka kwenye matundu ya sinki.

Wewe sasa. Glavu nzito sio zile za mpira mwembamba, miwani au kinga ya uso mzima, kidonda chochote kifunikwe kabla hujaanza, na usipulize bomba kwa upepo wa kompresa, hilo ndo kosa naliona kwa mafundi wengi, linageuza ute kuwa ukungu wa matone madogo. Ute weka kwenye mfuko wa taka hatarishi wa hospitali, usiusukumie chini. Chanjo ya homa ya ini B na pepopunda hakikisha unazo, mwajiri ndo anatakiwa kuzigharamia. Nguo za kazi zibaki kazini. Usugu haumfanyi bakteria awe na nguvu zaidi za kuingia mwilini, ngozi isiyo na jeraha na sabuni vinamzuia kama wengine, tatizo ni akishaingia ndo kumtoa inakuwa shida. Na ndio, mtu mwenye afya njema anaweza kumbeba tumboni bila kuumwa chochote, kwa hiyo ukilazwa siku moja mwambie daktari kazi unayofanya.

SWALI: Nikichemsha maji, hao sugu wanakufa au wamezoea na moto? – Mwanafunzi

JIBU: Wanakufa. Usugu wa dawa hauhusiani na moto hata kidogo, anayeshinda meropenemu, moja ya zile karbapenemu, anakufa kwenye maji yanayochemka sawa na yule wa kawaida. Kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa wala madini, ila kwa anayekunywa maji hofu ya kwanza ni vijidudu. Chemsha mpaka yatokote, funika.

SWALI: Niko mafunzo ya uuguzi. Wodini kwetu dawa iliyobaki kwenye vichupa vya sindano na kwenye mifuko ya dripu inamwagwa kwenye sinki, hata wakubwa wanafanya hivyo. Nilivyouliza nikaambiwa ni kidogo tu. Nasema nini? – Mwanafunzi wa uuguzi

JIBU: Mdogo wangu, ni kidogo kwa kichupa kimoja. Lakini angalia kinachotokea pale: dawa kali, haijapita mwilini, haijazimuliwa, inamwagiwa juu ya ule ute wa fundi hapo juu, na ikifuatiwa na dripu yenye sukari unakuwa umewalisha waliobaki. Ukitaka kufuga usugu kwa makusudi sijui kama ungefanya tofauti.

Mabaki ya antibayotiki ni taka za dawa, yanaingia kwenye chombo chake chenye lebo, yanarudi famasi, na kutoka hapo yanachomwa kwenye tanuri la joto kali au, pasipo na tanuri la maana, yanafungiwa kwenye pipa na saruji. Zilizoisha muda ni hivyo hivyo. Mkojo na kinyesi cha mgonjwa vinaenda chooni, hapo huna namna, sio sinki ya kunawia lakini, maana nimeona na beseni likimwagwa humo. Kwa wakubwa usianze na mhadhara, nenda kwa anayesimamia kuzuia maambukizi hapo hospitalini, mwambie chombo cha taka za dawa wodini hakipo au kiko mbali. Mara nyingi kweli kiko mbali, na nesi mwenye wagonjwa thelathini hawezi kutembea korido nzima kwa ajili ya mililita mbili.

SWALI: Mnawaonea hospitali. Majitaka ya mji mzima yanaenda mtoni, kila nyumba ina mtu anakula antibayotiki bila cheti, wafugaji wanamwaga kwenye pumba, viwanda vya dawa navyo vipo. Hospitali ni tone. Kwa nini hamsemi? – Msomaji asiyeamini

JIBU: Nasema, tena kaka una hoja nzito kuliko ulivyoiweka. Kwa ujazo hospitali ni sehemu ndogo sana ya majitaka ya mji, na dawa nyingi zinamezwa majumbani, sio wodini. Utafiti uliotoka 2025 wa watu wa chuo kikuu cha McGill, Kanada, ulikadiria kwamba kila mwaka karibu tani 8,500 za antibayotiki zinazotumiwa na binadamu zinaishia kwenye mito ya dunia, na inayoongoza ni amoksilini, dawa ya kila nyumba.

Viwanda ndo usiseme. Patancheru karibu na Hyderabad, India, kuna mtambo ulikuwa unapokea majitaka ya viwanda vya dawa kama 90 hivi, na watafiti wa Uswidi walipopima maji yaliyokwisha kutibiwa, wakachapisha 2007, walikuta sipro mpaka miligramu 31 kwa lita. Hicho ni kiwango kinachopita kilichomo kwenye damu ya mtu aliye kwenye dozi. Walikadiria kilo 45 za sipro zinatoka na maji hayo kwa siku moja. Hakuna hospitali inayofika huko. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa majitaka ya viwanda vya antibayotiki 2024, yani miaka 17 baadaye.

Ila hapa ndo tunaachana mimi na wewe. Ukipima kwa ujazo hospitali ni tone, ukipima kwa aina ya kilichomo sio tone. Vankomaisini, karbapenemu, kolistini, dawa kali za wodini hizi, majumbani karibu hazipo, na bakteria wanaozishinda wanapatikana zaidi kwenye bomba la hospitali kuliko la mtaa wa kawaida. Mwaka 2018 ile hospitali ya Bethesda ilichunguza mabomba yake na mashimo ya majitaka nje ya majengo, wakakuta plasmidi za kuvunja karbapenemu zimejaa humo, wakati wagonjwa wenye maambukizi hayo walikuwa wachache. Yani bomba lilikuwa na hazina kubwa kuliko wodi. Hiyo ndo sababu ya kuliangalia kwa jicho lake, bila kuwasamehe hao wengine uliowataja.

Na kuna kitu kimoja ambacho wapenda kulaumu matumizi mabaya ya dawa hawakipendi. Uchambuzi uliochapishwa 2018 ulilinganisha nchi nyingi duniani ukakuta usugu unafuatana zaidi na hali ya miundombinu, vyoo, maji safi, na utawala, kuliko na wingi wa antibayotiki watu wanazotumia. Cheti cha daktari ni muhimu sawa, ila kama kinyesi kinarudi mdomoni kupitia mto, usugu utasambaa hata kwa asiyewahi kumeza kidonge.

SWALI: Nasimamia majengo ya hospitali ya ukubwa wa kati. Majitaka yetu yanaingia kwenye tenki la shimo, linalofurika kila mvua, yanaenda mfereji wa barabara mpaka mtoni. Bodi wanasema tununue klorini tu tuweke mwishoni. Kuna kampuni inatuletea mtambo wa ozoni. Fedha hazitoshi kwa vyote. Ungekuwa wewe? – Msimamizi

JIBU: Mkuu, barua yako ndo imenichukua muda mrefu kuliko zote. Klorini mwishoni kwenye maji yale yalivyo mi nisingeanza nayo. Klorini inapenda kula uchafu wowote wa kikaboni inaokutana nao, kwa hiyo ukiimwaga kwenye maji yenye kinyesi na mafuta inaishia kushughulika na huo uchafu, bakteria waliojificha ndani ya chembe chembe wanapita salama. Ukiongeza dozi mpaka iwafikie unatengeneza sumu zingine za klorini na unaua samaki kule chini. Na hata ikiwaua, DNA yao inaweza kubaki kwenye maji, kuna bakteria wanaokota DNA iliyolegea na kuitumia. Klorini ni ya mwisho kabisa, maji yakishakuwa maangavu. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu hapo ni habari nyingine, kinyesi cha wodi ile kinatiwa klorini palepale kwenye ndoo kabla hakijaenda popote.

Ozoni ni gesi nzuri, inavunja dawa na inaua vijidudu, ila inataka umeme usiokatika, mtu wa kuihudumia na vipuri, tena nayo inafanya kazi vizuri kwenye maji yaliyokwisha safishwa. Denmark, hospitali ya Herlev ilijenga mtambo wake wenyewe 2014, una vichungi vya utando, mkaa maalumu, ozoni na mwanga wa UV, unatoa maji masafi ajabu. Lakini angalia mpangilio, ozoni inakuja baada ya hatua zingine kumaliza kazi yake. Ukiweka ozoni juu ya tenki linalofurika umenunua pambo.

Ningeanza na mafuriko. Mvua inaingiaje kwenye tenki? Karibu kila mara kuna bomba la paa au la uwanja limeunganishwa kwenye majitaka kimakosa, mtu alifanya hivyo zamani kuokoa mita chache. Pita na ramani, na kama ramani haipo (huwa haipo) mwaga rangi kwenye kila mfereji uone inatokea wapi. Litenganishwe. Hapo peke yake kiasi kikubwa cha uchafu unaofika mtoni wakati wa mvua kinaisha, na ni kazi ya mafundi wa kawaida.

Pili, kunyonya tope kwa wakati. Tenki lililojaa tope ni bomba tu lenye mfuniko. Na gari la kunyonya linaenda kumwaga wapi, fuatilia, maana usugu mwingi unazama kwenye tope, likimwagwa shambani au korongoni umehamisha tatizo kwa magurudumu.

Tatu ndo kutibu. Kama mji una mfumo wa majitaka unaoishia kwenye mtambo unaofanya kazi, unga huko, mwongozo wa zamani wa Shirika la Afya Duniani ulitaka mtambo uwe unaondoa angalau asilimia 95 ya bakteria. Kama hakuna na mna eneo, mabwawa ya majitaka ya mfululizo, yale ambayo maji yanakaa siku nyingi juani na la mwisho ni la kina kifupi, yanaua bakteria wa kinyesi vizuri mno na hayahitaji umeme. Hayavunji kila dawa, sipro kwa mfano inapenda kuganda kwenye tope, sawa, lakini nakurudisha pale pale, kinachosambaza usugu zaidi ni bakteria walio hai, ukiwapunguza mara maelfu umefanya kazi kubwa. Eneo likiwa dogo, mtambo wa kupuliza hewa wenye ukubwa wa saizi yenu, na mkataba wa matengenezo uandikwe siku ile ile ya kununua. Nimeona mitambo mizuri imekuwa mazalia ya mbu kwa sababu pampu iliungua na hakuna aliyepangiwa bajeti ya pampu.

Bodi wakisema mbona Ulaya wanadai ozoni na mkaa, waambie sheria mpya ya majitaka ya mijini ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inaongeza hatua ya nne ya kusafisha, juu ya tatu ambazo tayari zipo. Na gharama ya hiyo hatua, angalau asilimia 80, wamebebeshwa watengenezaji wa dawa na vipodozi. Mnaweza kuanza kuulizia hilo la pili hata leo.

SWALI: Watoto wanaogelea mtoni chini ya mji kila jua likiwaka. Wakitoka tunawaogesha. Inatosha? – Baba

JIBU: Kuogesha kunasaidia ngozi, ila wanachomeza wakiwa ndani hakiogeki, na watoto wanameza sana. Uingereza waliwapima watu wanaoteleza kwenye mawimbi ya bahari, ambao nao humeza maji mengi, wakakuta uwezekano wa kubeba bakteria E. koli sugu tumboni ni kama mara tatu ya wasioingia baharini, utafiti ulitoka 2018, na hizo ni fukwe zinazopimwa usafi kila msimu. Mto chini ya bomba la majitaka ni mbaya zaidi ya hapo. Wapande juu ya mji kama kuna sehemu, na siku mbili tatu baada ya mvua kubwa wasiingie kabisa, ndo wakati mashimo yote yanafurika. Mwenye kidonda abaki nje akishika nguo za wenzake.

SWALI: Tukirekebisha kila kitu leo, mto unarudi kuwa kawaida au ndo imeshatoka hiyo? – Mzee wa kijiweni

JIBU: Shikamoo mzee. Unarudi, ila sio wote na sio haraka. Kubeba jeni za usugu kunamgharimu bakteria, anatumia nguvu kutengeneza vitu asivyovihitaji, kwa hiyo dawa ikiondoka wale wepesi wanaanza kumzidi. Shida ni kwamba wengine wamepata mabadiliko mengine yanayofuta hiyo gharama. Na plasmidi ile ile yenye usugu wa dawa mara nyingi ina na jeni za kuvumilia shaba, zinki au dawa za kusafishia, basi hata antibayotiki isipokuwepo, metali za mjini zinaendelea kuitunza. Kwenye tope la chini ya mto jeni zinakaa muda mrefu.

Lakini mfano wa kurudi nyuma upo. Novemba 2015 China waliripoti jeni inaitwa mcr-1, ya kushinda kolistini, ambayo ni dawa ya mwisho mwisho kabisa. Ilikuwa imesambaa kwa nguruwe, kuku na watu, kwa sababu kolistini ilikuwa inachanganywa kwenye chakula cha mifugo ili wanenepe. Serikali ikapiga marufuku matumizi hayo 2017. Walipopima tena miaka michache baadaye, jeni ilikuwa imeshuka kwa wanyama na imeshuka kwa watu pia. Haikuisha, ila ilishuka vya kutosha kuonekana kwenye vipimo vya hospitali. Kwa mto wako mzee, hesabu ni hiyo hiyo ila milango ni mingi, ukifunga wa hospitali ukaacha wa shimo la mtaa utaona nafuu kwenye zile dawa za ICU kwanza, amoksilini itachelewa sana.

Barua za wafugaji wa samaki zimekuja nyingi, nimeziweka pembeni za toleo lijalo maana zinahitaji kurasa zake.